Kila mpiga dramu ananisifia snea yake: nimsikilize nani?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mpiga dramu mwenye umri wa miaka 27 na ninaishi Tanga. Jumamosi ninapiga na bendi ya harusi inayozunguka Tanga mjini, Muheza na wakati mwingine Korogwe, na Jumapili ninapiga na kwaya kanisani kwetu. Seti ninazokaa si zangu. Ya harusi ni ya mwenye bendi na ya Jumapili ni ya kanisa. Changu mimi ni vijiti, kiti na snea, ile ngoma bapa yenye nyaya chini yake, na hiyo snea ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Ni snea ya chuma, upana inchi 14 kwa kina cha 5 na nusu, niliyoinunua ikiwa mtumba mwaka 2019. Mwanzoni niliipenda, lakini tangu mwaka jana imenichosha. Nikipiga taratibu haisemi kitu, na nikikaza mkono inalia kama debe. Gitaa la besi likiingia, nyaya zake zinanguruma zenyewe hata kama sijaigusa, na nimezikaza mpaka skrubu imefika mwisho bila nafuu yoyote. Ngozi nimejitahidi kuzitunza: ya chini ilipotoboka mwaka jana niliweka ngozi ya juu niliyokuwa nayo akiba, kwa hiyo sasa zote mbili ni nzima na ni za aina moja. Mwezi uliopita, kwenye harusi moja pale Muheza, fundi mitambo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba amepandisha sauti ya snea mpaka juu na bado hana anachokisikia.

Nimeweka akiba ya shilingi 900,000 kwa miezi kumi na minne ili ninunue snea nyingine, na kila ninayemwomba ushauri ananipeleka upande wake. Mwalimu wangu, mzee aliyepiga muziki wa dansi tangu miaka ya 1970, anasema snea ni ya alumini na nyingine zote ni kelele. Rafiki yangu anayerekodi nyimbo za injili anasema nitafute ya mbao, yenye kina cha inchi 6 na nusu, niilegeze na kuitandikia pete iliyokatwa kwenye ngozi kuukuu. Ndugu mmoja Mkongo anayepiga katika bendi ya hoteli anasema ninunue nyembamba ya inchi 13, niiwambe mpaka ilie kama chupa. Kaka anayetangulia kwenye kwaya yetu yeye anasema snea hazina tofauti yoyote, tofauti ni mikono, na mikono yangu bado.

Sasa niko kati ya mbili. Mwalimu wangu ameacha kupiga kwa sababu ya mgongo na yuko tayari kuniuzia yake ya zamani kwa shilingi 450,000. Ni ya kijivu, inchi 14 kwa 5, haing'ai, ina skrubu nane na mkunjo mmoja katikati ya mwili wake. Dukani Dar es Salaam nimeona mpya ya mbao, inchi 14 kwa 6 na nusu, kwa shilingi 880,000, na nilipoijaribu ilinguruma kifuani. Nikiiacha ya mzee naogopa ataona nimemdharau. Nikiichukua, wenzangu watanicheka kwamba nimenunua sufuria. Mke wangu kwa upande wake anasema fedha hiyo ilikuwa ya mabati. Naomba unisaidie.

Mpiga dramu wa njia panda, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ambayo naona wewe uliiandika kwa kupita tu. Unasema ngozi ya chini ilipotoboka uliweka ngozi ya juu, na sasa zote mbili ni za aina moja. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na hata tarehe zinakubaliana: snea uliipenda tangu 2019, ngozi uliibadilisha mwaka jana, na mwaka jana ndipo ilipoanza kukuchosha. Kabla hatujafika kwenye duka la Dar es Salaam wala kwa mzee wako, tumalize hili kwanza, kwa kuwa hata snea ya mamilioni ukiivisha hivyo italia kama debe.

Ngozi ya juu ya kawaida ina unene wa karibu robo ya milimita, kwa sababu kazi yake ni kupokea vijiti. Ngozi ya chini ya snea hutengenezwa makusudi iwe nyembamba sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukiishika mkononi inachakacha kama karatasi ya plastiki ya kufungia maua. Kijiti hakigusi nyaya hata siku moja. Kijiti kinagusa ngozi ya juu, hewa iliyomo ndani inasukumwa, hewa hiyo inaitikisa ngozi ya chini, na ngozi ya chini ndiyo inayozirusha nyaya na kuzipokea tena. Ngozi ya chini ikiwa nene, pigo dogo halina nguvu ya kuitikisa, kwa hiyo ukipiga taratibu unasikia plastiki tupu. Wewe ukaona nyaya hazijibu, ukazikaza. Zikakataa, ukazikaza tena. Nyaya zilizokazwa mpaka mwisho hazina nafasi ya kuruka hata pale pigo linapokuwa kubwa, na ndiyo sababu ukikaza mkono unapata debe.

Ule mngurumo wa besi nao una maelezo yake. Geuza snea yako uitazame chini. Nyaya kwa kawaida ni ishirini, zimechomelewa kwenye bamba dogo kila upande, na ukizivuta kwa nguvu kupita kiasi kwa miezi mingi, bamba hupinda, nyaya za katikati zikabaki zimenyooka na za pembeni zikalegea. Pitisha ukucha juu yake taratibu, toka ukingo mmoja hadi mwingine. Sitashangaa ukikuta mbili au tatu za pembeni zinaning'inia. Hizo zilizolegea ndizo zinazoimba pamoja na gitaa la besi, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyozilegeza zaidi.

Basi wiki hii fanya hivi. Nunua ngozi ya chini halisi ya inchi 14, ile iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ni ya upande wa nyaya, pamoja na seti mpya ya nyaya ishirini za kawaida. Vyote viwili havitagusa akiba yako kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Vua vya zamani, futa kingo za mwili kwa kitambaa kikavu, weka ngozi mpya, kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zikatae, kisha chukua ufunguo uendelee nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo, wala usizifuate kwa mzunguko kama anayefunga kofia ya chupa. Ngozi ya chini inataka kukazwa zaidi ya unavyodhani: ukiibonyeza kwa kidole gumba katikati inatakiwa ibonyee kidogo sana, na ukiigonga nyaya zikiwa zimezimwa, sauti yake iwe juu kuliko ya ngozi ya juu. Wengi huilegeza kwa kuogopa kuipasua. Haipasuki kwa kukazwa sawasawa. Hupasuliwa na ncha ya kijiti kilichotupwa ovyo ndani ya begi, na nadhani hata yako ya kwanza ilikufa hivyo.

Ukishafunga nyaya, hakikisha umbali wake kutoka ukingo ni sawa pande zote mbili, ziwashe, kisha ukiwa na kijiti kimoja piga mapigo madogo kabisa karibu na ukingo, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mtoto aliyelala. Legeza skrubu ya nyaya mpaka zianze kukoroma baada ya kila pigo, halafu rudi kukaza kidogo kidogo, na mara tu mkoromo utakapokatika, simama hapo. Usiongeze. Besi ikiendelea kuzitikisa kidogo wakati hupigi, vumilia, kwa sababu snea isiyotikisika kabisa na besi ni snea iliyonyongwa. Kama inazidi, sogeza spika ya besi isikutazame mgongoni, au pandisha kidogo sauti ya tomu ya kwanza, ile ngoma iliyo jirani na snea, kwa kukaza ngozi yake, maana mara nyingi tomu na snea zikiwa karibu sana kisauti ndizo zinazochokozana. Wakati wa sala kanisani, zima nyaya kwa mkono wake wa pembeni. Wapigaji wengi wanausahau mkono huo mpaka mchungaji ageuke kuwatazama.

Huenda baada ya hapo ukaipenda tena snea yako ya chuma, na mabati ya shemeji yangu yakapatikana. Lakini umeuliza kuhusu maoni ya wapigaji, na hilo nalo lina jibu.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na sijui kama waliwahi kukaa na wapiga dramu wanne wakibishana kuhusu snea, lakini walituelewa. Kila mmoja kati ya wanne wako amesema kweli kuhusu mahali anapokaa yeye. Mzee wako alipiga kwenye kumbi ambazo maikrofoni ilikuwa ya mwimbaji peke yake, naye alihitaji snea itakayopenya gitaa tatu na matarumbeta bila msaada wa mtu, alumini ilimfaa. Rafiki yako wa studio ana maikrofoni inchi mbili juu ya ngozi, kwa hiyo anaweza kulegeza snea nene ya mbao, akaitandikia pete ya kuua mwangwi, na mashine ikamkuzia kilichobaki. Ndugu yetu Mkongo anapiga sebene usiku kucha, na katika sebene mapigo yanafuatana haraka kiasi kwamba snea nene iliyolegezwa ingekuwa bado inamalizia neno la kwanza wakati yeye yuko kwenye la tatu. Yule kaka wa kwaya amesema neno ambalo ni kweli siku zote na halimsaidii mtu kamwe.

Hata wakubwa wa kazi hii hawakukubaliana. Ringo Starr alipiga na kundi la Beatles snea ya mbao ya kampuni ya Ludwig yenye kina cha inchi 5 na nusu, na miaka ya mwisho ya kundi lile alikuwa akitandaza vitambaa vya kukaushia vyombo juu ya dramu zake ili sauti iwe fupi na nzito. John Bonham wa Led Zeppelin alichukua snea ya alumini ya kampuni hiyohiyo, Supraphonic yenye kina cha inchi 6 na nusu, akaiacha ipige mayowe. Tony Allen, aliyekuwa injini ya bendi ya Fela Kuti kule Lagos, alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba uzuri wake wote uko kwenye mapigo ya chinichini yanayojaza nafasi kati ya mapigo makubwa, na mtu wa namna hiyo akipewa snea yenye ngozi nene chini kama yako, nusu ya alichotaka kusema isingesikika. Ukimwuliza kila mmoja snea iliyo bora ni ipi, ungetoka na majibu matatu na ungekuwa palepale ulipo leo.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mpiga dramu si snea gani anaipenda. Mwulize anapiga wapi, anapiga na nani, na maikrofoni iko wapi. Wewe mwenyewe umenijibu: harusi za ukumbini na za turubai, bendi yenye besi na kinanda, fundi mitambo asiyekuwa na subira, kisha Jumapili kanisani ambako nadhani kuta ni tupu na sakafu ni ya vigae.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa napiga na bendi moja ya Dar es Salaam, na nilinunua snea ya mbao yenye kina cha inchi 6 na nusu baada ya kuipiga peke yangu dukani kwa muda wa kama dakika ishirini. Ilinguruma kifuani, kama unavyosema wewe. Jumamosi yake niliipeleka ukumbini, na mara besi na kinanda vilipoingia, ule unene wote nilioulipia ukazama, kwa sababu unene wa snea na unene wa besi vinakaa chumba kimoja na besi ndiye mwenye nyumba. Kufika wimbo wa nne, mpiga solo alinisogelea akaniuliza kama nyaya zimekatika. Nilipiga kwa hasira mpaka nikavunja vijiti viwili kabla ya saa sita usiku, na asubuhi mkono ulikuwa umevimba.

Miezi michache baadaye nilichelewa kazini kwa sababu ya foleni, kijana mmoja akanishikia nafasi kwa kutumia snea yangu ya zamani ya alumini iliyokuwa imebaki stoo. Nilisimama mlangoni, nyuma ya meza ya fundi mitambo, nikaisikiliza kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa wanaocheza. Snea ile ilikuwa na mlio mwembamba wa pembeni, kama kijiko kwenye glasi, ambao ulikuwa ukiniudhi kwa miaka nikiwa nimekaa juu yake, hata nikawa naufunika kwa tepu. Pale mlangoni mlio ule haukuwepo. Magitaa na matoazi yalikuwa yameumeza, na kilichofika ni pigo safi, fupi, lenye makali, ambalo watu walikuwa wakilifuata kwa mabega. Nilipokuwa nikibandika tepu, nilikuwa ninakata sehemu ileile iliyobeba sauti yangu hadi ukutani.

Ndiyo maana nakusihi usiamue kwa yale yaliyokutikisa dukani. Mwombe mwenzako akupigie, wewe usimame hatua ishirini mbele, besi na kinanda vikiwa vinacheza. Fanya hivyo kwa snea yako iliyotibiwa na kwa ya mzee, usiku uleule, ukumbi uleule.

Kama unataka niseme waziwazi: ninaichagua ya mzee. Kwa maelezo yako ya kijivu isiyong'aa, mkunjo mmoja katikati, inchi 14 kwa 5 na skrubu nane, nashuku kwamba ni Acrolite ya Ludwig, au ndugu yake wa karibu. Tazama nembo iliyo ubavuni. Acrolite ilianza kuuzwa miaka ya 1960 kama snea ya wanafunzi, na ilikuwa ya bei nafuu kwa sababu ya kukosa urembo tu: mwili ni alumini kama ule wa Supraphonic, isipokuwa Supraphonic ina skrubu kumi na imepakwa kromu. Kwako wewe uliye Tanga, ukosefu huo wa kromu ni faida. Kromu iliyopakwa juu ya alumini ina tabia ya kuota vidonda na kubanduka kadiri miaka inavyopita, na hewa ya chumvi haiisaidii, ilhali alumini ile ya kijivu rangi yake ni uso wa metali yenyewe na haina cha kubanduka. Mbao nayo huku pwani ina mambo yake, kwa kuwa hufyonza unyevu na kuutoa, na snea inayotoka kwenye joto la Muheza ikaingizwa ukumbi wa viyoyozi huhitaji kuangaliwa upya. Babu zetu waliokuwa wakikanza ngoma zao kwenye moto wa makuti kabla ya kucheza walikuwa wakipigana na unyevu huohuo, ila wao ulikuwa kwenye ngozi za wanyama. Ngozi zetu za plastiki hazijali, lakini mwili wa mbao bado unajali.

Sikatai kwamba ile ya mbao ni nzuri. Rafiki yako wa studio angeifurahia. Lakini kwa kazi yako kina cha inchi 5 kinajibu haraka, kinafaa sebene, na wakati wa rumba ya taratibu, unapolaza kijiti juu ya ngozi na kugonga ukingo, kina cha snea hakina neno kubwa. Hapo kinachosema ni kijiti na ukingo. Geuza kijiti, upande mnene ndio ugonge ukingo, kisha kisogeze mbele na nyuma sentimita moja moja huku ukigonga. Kuna sehemu moja ambayo sauti itanenepa ghafla kama ubao uliogongwa vizuri. Ukiipata, weka alama ndogo ya kalamu kwenye kijiti. Nimewaona watu wakinunua snea mpya kwa kutafuta sauti iliyokuwa umbali wa sentimita mbili kutoka mkono wao ulipokuwa.

Kwa kanisani, usiizibe kwa pete wala tepu kwa sababu ya ile sakafu. Tumia vijiti vyembamba zaidi na usogeze mapigo yako toka katikati kuelekea ukingoni, ambako sauti inapungua ukubwa na nyaya zinaendelea kusema. Jumamosi urudi katikati, na pigo la kugonga ngozi na ukingo kwa wakati mmoja ulitunzie sehemu ambazo bibi harusi amesimama.

Kabla hujatoa fedha, ikague. Pendekezo langu ni kwamba umwombe mzee ruhusa ya kufungua ngozi zote mbili mbele yake, naye kama mpigaji hatachukia. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, uiguse kwenye mwili, siyo kwenye pete wala kwenye skrubu ambazo huwa za chuma: alumini haitaishika kabisa. Kisha laza mwili ulio mtupu juu ya meza ya kioo iliyonyooka, washa tochi ya simu ndani yake, zima taa ya chumba na utazame mwanga unapovuja chini. Upande wa juu mwanga usivuje popote. Upande wa chini utaona mianya miwili midogo inayotazamana. Hiyo iliachwa makusudi ili nyaya zilale vizuri, usije ukamdai mzee punguzo kwa ajili yake. Ukiona mwanga mahali pengine, au mwili umebonyea ukingoni, hapo una haki ya kuzungumza bei. Jaribu mkono wa kuwasha na kuzima nyaya mara kumi, na kama unateleza wenyewe ukipiga kwa nguvu, ujue ni kifaa kinachobadilishika, na gharama yake itoke kwenye ile 450,000.

Kuhusu heshima, naona umelibeba jambo hili kwa uzito usio wake. Mzee anayeuza snea aliyoipiga miaka yote hiyo kwa mwanafunzi wake hatafuti sifa, anatafuta mahali itakapoendelea kulia. Mwambie ukweli kwamba unataka kuisikiliza ukumbini kwanza, umchukue na yeye, umtafutie kiti chenye egemeo kwa ajili ya mgongo wake, na umwombe asimame nawe zile hatua ishirini akusikilizie. Masikio yake ni sehemu ya unachokinunua. Wenzako watakaoiita sufuria, waulize fundi mitambo amesemaje usiku huo.

Ukiichukua, utabaki na zaidi ya shilingi 400,000 kabla ya ngozi na nyaya, na snea mbili zinazofanya kazi, ambapo ile ya chuma itakuwa akiba ndani ya gari. Mabati ni mazungumzo ya nyumbani kwenu, siyaingilii. Ile ngozi utakayoivua chini, kama haina alama, usiitupe. Iweke bapa ndani ya begi pamoja na ufunguo, maana ndiyo ngozi yako ya juu ya akiba, na ngozi ya juu ina desturi ya kupasuka maharusi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia ukumbini.